Waya Ishirini na Moja Kichwani Mwangu

Kama unasoma haya kwa sababu mtoto wako ameanza kukuficha makasi, na kukuuliza leo ni siku gani kana kwamba anapiga gumzo tu, nisikilize, maana nimepita hapo. Sitakueleza jinsi ubongo unavyofanya kazi kwa kuwa sijui. Daktari mpole sana alinieleza mara tatu, nikaitikia kwa kichwa mara tatu, na kila nilipofika mlangoni nilikuwa nimebaki na neno moja au mawili. Ninachojua ni yale yaliyonipata mimi, Robai Nasimiyu, fundi wa cherehani wa Kibomet hapa Kitale, kuanzia Desemba ya mwaka 2005 hadi Desemba iliyofuata, nikiwa na miaka sitini na minne.

Sikuwa mtu wa kusahau. Mafundi wengine huandika vipimo kwenye daftari, vyangu vilikaa kichwani. Nimeshona sare za shule na kanzu za kwaya kwa miaka thelathini, na nilijua kifua cha mtoto wa tatu wa mwalimu mkuu na kiuno cha mwimbaji wa sauti ya kwanza anayedai hajanenepa. Watu walikuja kunijaribu kwa kunitajia mtoto wa miaka mingi nyuma, nami nikawapa urefu wa mkono wake papo hapo. Nilijivuna kwa hilo, sifichi, na majivuno hayo ndiyo yaliyonichelewesha kutafuta msaada.

Kuna jambo lingine lililotegemea kichwa hiki. Kwetu hasa ni Myanga, upande wa Bungoma, ambako ndugu yangu Wekesa anaishi kwenye shamba la baba. Kwa watoto wake mimi ndiye senge, yaani shangazi, na kwa watu wetu binti akichumbiwa senge huketi mbele ya wageni akauliza maswali. Ukoo wa baba, ukoo wa mama, ukoo wa bibi mzaa baba, ukoo wa bibi mzaa mama. Damu ikigusana popote hapo, hakuna ndoa. Akishamaliza koo, huuliza habari za nyumba: kuna mchawi kwenu, kuna mwizi, kuna kifafa? Senge akisema haiwezekani, basi haiwezekani. Hakuna anayembishia mbele ya wageni hata kama anajua kwamba amekosea, kwa sababu kwetu kubishana pale ni aibu kubwa kuliko kosa lenyewe. Wasichana tisa wameolewa baada ya mimi kuuliza, na wachumba kadhaa wamerudi kwao kwa sababu ya majibu waliyonipa.

Desemba ile walikuja wageni kutoka upande wa Lwakhakha kumchumbia Fridah, kifungua mimba wa Wekesa, msichana niliyemshonea gauni la ubatizo na sare ya shule ya upili. Nakumbuka wakiingia. Nakumbuka baba wa kijana akiwa na koti la kahawia ambalo mabega yake hayakumkaa sawa. Nakumbuka nikikohoa ili nianze. Kisha nikasikia harufu ya mahindi yanayoungua, na nikajiuliza ni nani aliyeyaacha motoni. Kitu kingine ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nyuma ya jiko nasugua sufuria, jua limeinama, uani hakuna mgeni hata mmoja, na Fridah alikuwa analia chumbani.

Wekesa alinieleza kesho yake, akiwa amesimama mlangoni bila kuingia.

"Tulikuwa tumemaliza, dada," akasema. "Wamejibu vizuri, kuku wameliwa. Halafu ukaanza kuuliza tena kutoka mwanzo. Tukafikiri ni ujanja wako. Ghafla ukasema ati bibi ya huyo kijana ni wa ukoo wa mama yetu, hawa ni watu wetu, ndoa hakuna. Na si kweli. Wewe mwenyewe unajua si kweli."

"Kwa nini hukunizuia?"

"Nikuzuie mbele ya wageni? Si wewe ndiye senge?"

"Basi tuma mtu awaambie nilikosea."

"Niwaambie nini? Ati dada yangu hakuwa na akili siku hiyo? Nani ataoa kwa nyumba kama hiyo, bana?"

Hakutuma mtu. Fridah naye hakuniaga nilipoondoka, na miezi mingi ikapita bila yeye kunitumia hata salamu.

Nilirudi Kitale nikijiambia ni uchovu wa sikukuu. Januari, shule zilipokuwa zinafunguliwa na kazi ni nyingi kuliko mikono, nilimkatia mtoto mmoja shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nikalificha chini ya vitambaa. Wiki iliyofuata nilijikuta nimesimama kwenye njia panda iliyo hatua hamsini kutoka kwangu, mkate mkononi, nisijue nyumba iko upande gani. Mwenye duka la mkaa aliniona nikizubaa, akanisalimu, nami nikajifanya namsubiri mtu. Ilichukua muda ndipo njia ikarudi mahali pake.

Mwanangu Simiyu ni karani wa ofisi moja mjini, na nyumba yake iko karibu na yangu. Alianza kupita kila jioni. Siku moja akachukua makasi yangu makubwa, ati anaenda kuyanoa, na hayakurudi. Siku nyingine nikaona amebandika karatasi ndani ya mlango wa jikoni: ZIMA JIKO. Nilijifanya sijaiona, naye akajifanya hakuiweka yeye. Hatimaye akasema.

"Mama, si uhame tu uende Myanga ukae na Mjomba. Hiyo cherehani tutapatia mtu."

"Mtampatia mtu wakati mimi bado niko hai?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo."

Alikuwa na hofu, maskini, na mimi nilimjibu kama adui. Hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Mama yetu alipozeeka alitusahau mmoja baada ya mwingine. Aliniita kwa jina la dada yake, na kila jioni aliomba apelekwe nyumbani akiwa ameketi kwenye kitanda chake mwenyewe. Niliogopa mwisho huo kuliko nilivyoogopa kufa.

Mwezi wa tatu mchungaji alitangaza kanisani kwamba kuna madaktari wanaokuja hospitali ya misheni Bungoma, wanaotafuta wazee walioanza kusahausahau. Walikuwa na mashine ya kurekodi kazi ya ubongo, na walitaka kujua kama mashine hiyo inaweza kuonyesha akili inayodhoofika mapema, kabla mtu hajapotea kabisa. Masharti yalikuwa nywele zioshwe kwa sabuni, zisipakwe mafuta, zisisukwe. Wazee wawili nyuma yangu walicheka. Simiyu aliandikisha jina langu kabla ya baraka ya mwisho.

Tulienda mvua ya kupanda ilipoanza. Nilifumua mistari yangu na kuosha kichwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nikatoka nje nikijua kwamba kitambaa changu kitavuliwa mbele ya watu. Nina upara mdogo hapo juu. Akili ni nywele, wanasema, kila mtu ana zake, na mimi siku hiyo niliona nimepungukiwa na zote mbili.

Sijui mtu amewahi kuandika juu ya ile benchi. Kila mzee aliketi na mlinzi wake. Ukimuuliza mzee jambo, mlinzi anajibu. Kando yangu alikaa Mzee Khaemba, ambaye ujanani alikuwa akiwashikia wapima ardhi mnyororo wao wa kupimia kote Trans-Nzoia. Mkewe alimfunga kifungo cha shati, akamfuta mdomo ambao haukuwa na kitu, akamjibia hata salamu.

"Umeamkaje, mzee?" nikamuuliza.

"Ameamka vizuri," mkewe akasema.

Mzee akanigeukia taratibu. "Umesikia mwenyewe," akasema. "Nimeamka vizuri." Tulicheka sisi wawili mpaka walinzi wetu wakaangaliana.

Kwanza waliniuliza maswali. Leo siku gani, tuko mji gani, chora saa, shika maneno haya matano uyarudishe baadaye. Nilijibu yote, na maneno matano nikayarudisha kwa mpangilio. Simiyu alikuwa amesimama ukutani, uso wake umechanganyikiwa, kama mtu aliyempeleka ng'ombe kwa daktari wa mifugo na ng'ombe akaacha kukohoa mlangoni.

Kisha nikaingizwa kwa mtaalamu wa mashine, binti aliyeitwa Ruth. Nilidhani atanibandika waya popote. Badala yake alitoa utepe wa kupimia, utepe kabisa kama wangu, akaanza kunipima kichwa: kutoka juu ya pua, katikati ya macho, hadi kisogoni, kutoka sikio hadi sikio, akigawanya na kutia alama kwa penseli nyekundu. Nilimvumilia mara ya kwanza. Mara ya pili sikuweza.

"Mwanangu, utepe umelegea. Ukipima hivyo shati litabana."

Alisimama, akatazama utepe, akaukaza. "Asante, Mama. Wewe ni fundi?"

"Nilikuwa," nikasema, na neno hilo liliniuma nilipolisikia likitoka.

"Bado unaona utepe umelegea ukiwa umefunga macho," akasema. "Mimi naona bado ni fundi."

Aliweka waya ishirini na moja, kila moja na dawa yake ya kunata iliyo baridi, akanifunga kichwa kwa bendeji. Hakuna kilichouma. Nililala chali, naye akaniambia nifungue macho, nifunge, nipumue kwa nguvu, nitazame taa inayowaka na kuzima. Kando yangu kalamu ndogo zilikuwa zikichora mistari kwenye karatasi ndefu iliyojikunja yenyewe sakafuni. Niliwaza kwamba hapo kwenye karatasi ndipo mama yangu angeonekana akija kunichukua. Machozi yalinitoka yakaingia masikioni, na Ruth akayafuta bila kuuliza.

Daktari alifika mara moja kwa mwezi, Jumatano, kwa hiyo karatasi ile ilisomwa mahindi yakiwa yamefika magotini na watu wako kwenye palizi. Kungoja huko kulikuwa kubaya kuliko mashine yenyewe. Nilishona na nikafumua nilichoshona. Nilipika na kurudi kutazama jiko mara tano. Mara mbili harufu ile ilinijia, na mara zote mbili nilizinduka mahali ambapo sikumbuki nilifikaje.

Daktari alikunjua karatasi mezani. "Mama Simiyu," akasema, "mwendo wa mistari hii kwa jumla ni mzuri kwa umri wako. Kile tunachotafuta hapa hakionekani. Lakini kuna kitu upande huu wa kushoto kimepita mara moja, haraka." Akaniangalia. "Kabla hujapotea, huwa unasikia harufu yoyote?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu ile harufu.

"Mahindi yakiungua," nikasema.

Aliweka kalamu chini. Akaniambia nirudi nikiwa nimelala kidogo sana, ili usingizi unichukue mashine ikiwa inarekodi. Nilirudi wiki nne baadaye nikiwa sijafumba macho ila saa mbili, Simiyu amenishikilia mkono, na Ruth alipomaliza kunifunga bendeji nilikuwa tayari nakoroma. Alipoondoa waya alikuwa kimya, nami nikajua karatasi imesema jambo.

Daktari alianza na habari njema, kama walivyofundishwa nadhani. "Akili yako haizeeki vibaya, Mama. Huo ugonjwa wa mama yako, sioni dalili yake hapa." Simiyu alishusha pumzi ndefu. "Unachopata ni kifafa. Ni kidogo, cha aina isiyoangusha mtu. Kinazima kumbukumbu kwa nusu saa au saa, halafu kinaondoka. Na kina dawa."

Simiyu alinikumbatia akicheka na kulia. Mimi nilikaa kama gogo.

"Daktari," nikasema, "afadhali ungeniambia nimezeeka."

Hakuelewa, maana yeye si wa huku. Kwetu mtu wa kifafa akianguka motoni wapo watakaosita kumvuta. Anapewa sahani yake na kikombe chake. Binti wa nyumba hiyo akichumbiwa, senge wa upande wa pili anauliza, na akiambiwa ukweli anakunja leso yake na kuondoka. Nilijua vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekunja leso hiyo. Njia nzima ya kurudi Kitale nilimwapisha Simiyu asilitaje neno lile kwa mtu yeyote. Tuliwaambia watu ni mshipa wa kichwa.

Siku hiyohiyo Mzee Khaemba naye alipewa majibu yake, na yake ndiyo niliyokuwa nikiyaogopa mimi. Mistari yake ilikuwa imeanza kwenda polepole, na hata ile saa hakuweza kuichora vizuri. Nilimkuta kwenye benchi, mkewe ameinamisha kichwa. Nikakaa kando yake.

"Wamesema ni mapema," mzee akasema. "Ati bado niko na wakati. Sasa nitazunguka shamba na vijana, niwaonyeshe mipaka yote mguu kwa mguu, kabla hii kichwa haijafunga duka." Nilisikia baadaye kwamba alifanya hivyo, jirani zake wakishuhudia. Nataja habari zake kwa sababu si kila mtu hutoka pale na majibu kama yangu, na sitaki kukudanganya. Lakini hata yeye alishukuru kujua mapema.

Dawa zilinipa taabu mwanzoni. Nilipepesuka kama mlevi. Agosti ile ilikuwa ya mwaka wa tohara, vijana wanapita na njuga barabarani na Myanga nzima inacheza, na mimi niliyeenda huko kwa sherehe niliingia kwa jirani nikakikosa kiti nikaketi chini. Wanawake walisema senge siku hizi anaonja busaa tangu asubuhi. Niliwaacha waseme, maana sifa ya ulevi nilikuwa naiweza. Daktari akapunguza kipimo, kizunguzungu kikaondoka, na mahali pake ikaja njaa ya ajabu. Nilinenepa. Nililazimika kujipima upya mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikaandika vipimo vyangu kwenye daftari.

Halafu, bila tangazo, mambo yakatulia. Wiki ikapita bila harufu. Mwezi ukapita. Septemba Simiyu aliniletea makasi yamefungwa kwa gazeti. Yalikuwa hayajanolewa.

Kuna vitu havijarudi. Nina picha ya harusi ya Simiyu, naona gauni la bibi harusi na najua ni mshono wangu, hata najua pindo lilinisumbua wapi, lakini siku yenyewe sina. Nimemwomba mwanangu anisimulie mara kadhaa na sasa naijua kama ninavyojua habari za watu wengine. Inaniuma. Hata hivyo kila asubuhi naamka nikijua niko wapi, na mtu ambaye hajawahi kulikosa jambo hilo hawezi kujua utamu wake.

Wakati wa kuvuna, Fridah alikuja Kibomet. Alisimama mlangoni akasema ametumwa na baba yake kuniletea maharagwe. Nilimkaribisha, nikamwekea chai, na kabla haijapoa nikamwambia yote, na lile neno nikalitaja. Alikuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kulisikia.

"Kumbe ulikuwa mgonjwa," akasema. "Mimi nilidhani tu hunipendi."

"Nakupenda mpaka nimenyamaza miezi yote hii ili usikose bwana."

"Na yeye bado ananingoja, Senge. Watu wake ndio wanataka kujua mbona tuliwafukuza."

"Wakijua watakukataa."

"Basi wanikatae." Macho yalimjaa machozi lakini sauti ilikuwa imara. "Usidanganye kwa ajili yangu. Nikiolewa na uongo, nitakuwa naulinda huo uongo kila siku. Nitachoka."

Hivyo ndivyo wageni walivyoitwa tena. Wekesa alipojua nia yangu alikasirika hasa.

"Waambie ulikuwa na malaria," akasema. "Malaria inapandanga kichwa. Nani atauliza?"

"Watauliza."

"Dada, unataka kuua ndoa ya huyu mtoto mara mbili?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nikijiuliza mwenyewe.

Desemba iliyofuata tuliketi sebule ileile. Baba wa kijana hakuja na koti, na mama yake alikaa kimya karibu na dirisha. Nilianza kabla sijaulizwa. Niliwaambia kwamba mwaka uliopita nilitamka neno lisilo kweli, kwamba koo zetu hazigusani popote, na kwamba naliondoa neno hilo mbele ya mashahidi walewale. Senge wao, mama mnene mwenye sauti kavu, alinitazama vizuri.

"Tumesikia," akasema. "Na ile siku ulikuwa na nini?"

Wekesa alikazia macho sakafu. Fridah alikuwa nyuma ya pazia, niliona vidole vyake.

"Nilikuwa na kifafa," nikasema. "Ninacho. Kilirekodiwa Bungoma kwa mashine, na natumia dawa, na tangu Agosti hakijanirudia."

Wanaume wao walisimama wakatoka kwenda kuulizana nyuma ya ghala, kama ilivyo desturi, na kijana akawafuata. Sijui walikaa huko kwa muda gani. Najua kwamba chai iliganda juu, na kwamba nilikuwa nikiwaza kuwa nimemharibia mtoto maisha kwa kutaka kuwa mkweli.

Waliporudi, baba wa kijana alikaa kwanza, akakuna shingo. "Tumeuliza kijana," akasema. "Anasema ati yeye anataka Fridah, hakuja kuoa senge."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote. Wekesa alicheka kwa sauti mpaka akajifuta macho, na nilimwona akilitumia lile cheko kulilia. Mimi nilisimama nikasema naenda kuangalia jikoni.

Nikiwa nyuma ya jiko nilisikia hatua. Alikuwa mama wa kijana, yule wa karibu na dirisha. Alitazama nyuma kwanza.

"Mama Simiyu," akasema, "hiyo mashine iko wapi hasa?"

"Bungoma, hospitali ya misheni."

"Wanapima wazee peke yao?"

"Utafiti ni wa wazee. Lakini daktari mwenyewe huona yeyote siku ya kliniki."

Alishika ukingo wa leso yake akaukunja na kuukunjua. "Niko na msichana nyumbani. Nekesa. Sasa ako na miaka thelathini na moja, na huwa anaanguka tangu akiwa wa kumi na moja. Wageni wakikuja tunamweka nyumba ya nyuma. Mwaka jana uliniuliza, nikakwambia kwetu hakuna."

Sikukumbuka. Sehemu hiyo ya siku ile haijarudi na haitarudi. Lakini sikuhitaji kukumbuka, maana nilijua jinsi nilivyomuuliza, macho kwa macho, leso tayari mkononi, kama nilivyowauliza wengine wote. Karibu wote walinijibu hapana, na miaka yote hiyo niliamini kwamba ni kwa sababu hapakuwa na kitu.

"Samahani," nikamwambia.

Alidhani sikusikia vizuri. "Ni mimi nilikudanganya," akasema.

"Nimesikia. Samahani." Nikamshika mkono, na tukasimama hivyo mpaka wasichana wakaanza kuita sahani. "Kliniki ni Jumatano. Mlete Nekesa. Nitatoka Kitale mapema niwashikie foleni."